Rinda la Kavumbi

Kisumu Ndogo, Malindi
Jumatano, 7 Novemba 1984

Dada yangu Syokau,

Shikamoo, mwana wa mama. Nakusalimu wewe, nawasalimu wasichana wako wawili wakubwa, na nampa mkono shemeji Phineas, ambaye natumaini kile kikohozi cha vumbi la malori ya Mariakani kimemwachilia. Nyumbani salama? Maziwa bado yanafika kiwandani, au ukame umewamaliza ng'ombe wote? Mimi mwili hauna neno. Cherehani nayo ni nzima, ila mkanda umekatika mara mbili mwezi huu, na huu unga wa njano tunaokula umenikondesha mpaka gauni langu la Krismasi linanicheza. Najua unacheka. Cheka tu kidogo.

Sasa acha kucheka, dada, maana barua hii inamhusu mtoto. Nasema yule wa mwisho, wa miezi minne, ambaye mimi ndiye niliyempa jina. Nakuomba, tangu hapa ulipofika mpaka umalize kusoma, usimwite kwa jina lake. Akilia, mpe ziwa anyamaze. Yuko mtu mwingine mwenye jina hilo, mkubwa kuliko watu wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu, na mtu huyo huwatumia wenye jina lake apendavyo. Nitaanza mwanzo ili usidhani nimerukwa na akili.

Unajua hapa Malindi mimi najulikana kwa marinda. Mama yeyote mwenye binti wa shule atakwambia kuwa sketi ya Mumbua hufuliwa mwaka mzima kwa sabuni ya mche na rinda lake halilali. Basi mwezi wa nne, masika yalipogoma kabisa, alikuja kibarazani kwangu mzee wa Kigiriama, mrefu, mkimya, amevaa kanzu kuukuu na saa ya mkononi isiyotembea. Alijitaja kuwa ni Kiponda. Akashika sketi moja niliyoitundika, akayahesabu marinda yake kwa ncha ya kidole, kisha akasema bibi anayemtumikia ana hando linalotaka mkono kama wangu. Hando unalijua, ile sketi ya bafta nyeupe ya akina mama wa huku, yenye marinda tele mpaka nyonga zinafura. Nikamwambia alilete. Akanijibu kwa upole kuwa hando lile halimfuati fundi, fundi ndiye hulifuata. Mimi na kiburi changu nikataka kumfukuza, lakini sikuwa na kazi nyingine wiki ile, na njaa haina kiburi.

Tulipanda lori la makaa lililokuwa likirudi tupu hadi Kakuyuni, kisha tukatembea kwa miguu saa mbili na zaidi. Mahindi yote njiani yalikuwa yamekufa yakiwa na urefu wa goti. Halafu, dada, tulivuka mstari. Sina neno jingine la kutumia. Upande huu udongo umepasuka, upande ule nyasi mbichi, mihogo imeshiba, na hewa inanukia mvua. Katikati hapakuwa na ua, wala mto, wala kitu. Nilisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, nikawa nahisi joto mguu huu na ubaridi mguu ule. Kiponda akanisubiri, akasema wageni wote husimama hapo, nisione haya.

Mahali penyewe panaitwa Kitini. Watu wa Kakuyuni wanapajua lakini hawapataji, na ukiwauliza wanakuuliza bei ya sukari mjini. Ni nyumba moja ya mawe, kubwa kuliko kanisa lolote ulilowahi kuliona, na ina milango saba, mmoja ndani ya mwingine. Kila mlango una mlinzi, na hupiti mpaka utamke jina lako naye alirudie. Hawakuulizi kabila wala kitambulisho. Nilipofika mlango wa saba, jina langu mwenyewe lilikuwa zito mdomoni mwangu, likatoka kwa shida, na nikaelewa kuwa katika nyumba hii jina si kitu cha kuitiana chai.

Ndani alikuwamo bibi mwenyewe, ambaye wote pale humwita Malkia. Nilitarajia kikongwe, kwa kuwa Kiponda alikuwa amenieleza njiani kuwa babu yake pia alimtumikia. Nilimkuta mwanamke wa umri wangu, mweusi tititi, ameketi juu ya kigoda akichambua kunde kwenye ungo kama mama yeyote. Akaniambia karibu. Dada, alipolisema neno hilo tu, magoti yangu yalikwenda chini yenyewe bila kuniuliza. Kuku waliokuwa wakiparura uani walisimama kimya. Nilitaka kulia na sikujua ni kwa nini, ila nilijua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimeishi mbali na kitu fulani, na sasa nilikuwa karibu nacho.

Akaamuru hando litandazwe. Lilijaza mkeka mzima. Nilihesabu marinda mia na arobaini na mawili, na hakuna mawili yaliyofanana kitambaa. Malkia akanieleza mwenyewe, kwa utaratibu, kuwa kila rinda limetokana na nguo aliyofungwa mtoto wa kike siku aliyozaliwa, na kila mtoto huyo amepewa jina lake yeye, Kavumbi. Wote ni somo zake. Unajua somo alivyo: mtoto akipewa jina lako, huyo ni wewe, umlinde na umtunze. Malkia akasema watoto hao wanambeba naye anawabeba. Yalikuwa maneno mazuri sana. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa marinda yaliyokwisha na kutia mapya. Yale yaliyokwisha yalikuwa makavu na meupe, na nilipoyafumua yalipukutika vidoleni kama majivu. Nilimwuliza Kiponda yamekwisha vipi. Akatazama saa yake isiyotembea.

Nilikuwa nikienda huko kila baada ya majuma mawili. Nikamjua pia Menza, mtoto wa dada yake Malkia, ambaye ndiye mrithi. Masikini, alikuwa amezeeka akingoja. Nywele zimempotea, meno yamempotea, na mama yake mdogo aliyekikalia kiti hajaota hata unywele mmoja mweupe. Alikuwa mtu wa mizaha, na wazee wengi wa pale walicheka mizaha yake kuliko ilivyostahili, ndipo nikajua anao watu. Siku moja Malkia akaniuliza, akichambua kunde zake, kama kwetu hakuna mtoto anayetarajiwa. Nikamwambia dada yangu ni mja mzito. Akatabasamu tu. Nami nikaona aibu, kwa sababu nimekula kwake, nimepewa unga mweupe wakati nchi nzima inakula wa njano, na mkono mtupu haulambwi.

Basi ukajifungua mwezi wa saba. Kwa kuwa majina ya mabibi wote wawili yalikuwa yamekwisha kupewa wasichana wako wakubwa, ukaniandikia kwamba huyu wa tatu ni wangu mimi mama yake mdogo, nimchagulie. Nikajibu: Kavumbi. Ukaniuliza ni nani, nikakwambia ni mama mmoja mwema aliyenifaa. Jina likakaa vizuri masikioni mwenu, hamkushuku kitu. Na nilipokuja kumwona mtoto, nikakuomba kipande cha ile kanga ya maua aliyofungwa, nikasema ni ukumbusho. Ukanikatia kwa mkasi wako mwenyewe huku ukinisifu kwa upendo wangu. Kipande hicho kikawa rinda la mia na arobaini na tatu. Nililishona mbele, kushoto, kwa mkono, bila cherehani.

Mwezi wa nane ndipo nilipoona kazi ya hando. Ilikuwa mchana kweupe. Malkia alisimama uani amelivaa, akashika rinda moja kwa vidole viwili, akaita, "Kavumbi!" kama mtu anavyomwita mtoto aje amtume dukani. Na kutoka ndani ya lile rinda, dada, sauti ya mtoto wa kike ikaitika, "Bee!" Ilikuwa karibu nami kuliko wewe unavyoishika karatasi hii. Papo hapo mbingu ikashuka. Mvua ile haikuanza kwa matone, ilikuja yote mara moja, ikasimama juu ya mihogo ya Kitini kama ukuta wa kioo, na hatua moja nje ya mstari vumbi bado lilikuwa likiruka. Nilinyoosha mkono nikaushika ukuta ule, maji yakapita vidoleni mwangu. Watu wazima walilia kwa furaha. Nami nililia. Sitakudanganya, sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kile, na mpaka sasa nikifumba macho nakiona.

Niliporudi nilipita kwa Mapenzi, muuza mihogo wa sokoni Kakuyuni. Binti yake wa miaka saba ndiye aliyekuwa akiwaita wateja kwa kuimba, soko zima likimsikia. Nikamkuta ameketi kimya. Mapenzi akanieleza kuwa mchana ule mtoto aliitika "Bee!" wakati hakuna aliyemwita, na tangu hapo mdomo unafunguka lakini sauti haitoki. Sikumwuliza jina la mtoto. Nilikuwa nalijua.

Mwezi uliopita Menza aliniita chumbani kwake. Akanieleza kwamba Ijumaa hii, tarehe tisa, Malkia ataita mvua ya wilaya nzima, kutoka baharini mpaka Bamba, mbele ya wazee wote, ili asiwepo tena wa kumbishia. Mvua ya ukubwa huo hailipwi kwa sauti wala kwa macho. Inalipwa kwa watu wa mtu: mwenye rinda atasahau kila aliye wake, na hatawajua tena mpaka kufa. Na rinda jipya ndilo lenye nguvu. Akanionyesha kidole, mbele, kushoto. Akasema mwanao angekulia mikononi mwako akikutazama kama mpita njia. Ila nikimkatia Malkia mshipi wa kiuno siku hiyo, hando litaanguka mbele za watu, na atakayekalia kiti atakuwa yeye, naye atamwachia mtoto.

Nilikubali, dada. Nani asingekubali? Lakini mzee yule, kwa furaha, akaniomba na kazi nyingine. Akafungua sanduku akanitolea joho lililokatwa nusu, na ndani yake vipande vya nguo za watoto, zaidi ya mia mbili, amevifunga mafungumafungu kwa uzi wa katani. Watoto wa kiume, wote Menza. Huku nyuma alikuwa amezunguka vijiji vyote akibeba debe la unga kwa kila mama aliyejifungua. Akaniomba nimshonee, akasema marinda yangu hayalali.

Nikaona kiti kitabadili mtu tu, si kazi yake, nikaenda kwa Malkia nikamweleza kila kitu. Hakukasirika. Aliweka ungo chini, akashika rinda moja la nyuma, akaita, na sauti ndogo ikaitika. Menza alikuwa uani akicheka na wazee. Akakata kicheko katikati, akatutazama, akauliza kwa adabu kabisa kama kuna anayemfahamu. Jina lake lilikuwa limemtoka, na limewatoka walinzi wote saba, kwa hiyo hakuna mlango unaompokea. Anakaa nje ya mlango wa kwanza, akiwauliza wapitao yeye ni nani, nao kwa kweli hawajui. Mimi tu na Kiponda tunakumbuka, labda kwa sababu tulikuwa tumelishika hando. Joho lake limekuwa nguo tu, na wale wavulana mia mbili wako huru. Lakini lile rinda la nyuma lilikuwa la mtoto wa mtu. Liligeuka jeupe mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyepeleka maneno. Sijui ni mtoto wa wapi wala amenyang'anywa nini. Nimemwombea kwa Mungu bila kujua nimtaje vipi, maana jina lake ndilo lilelile.

Malkia akaniuliza nataka zawadi gani. Nikamwomba rinda la mwanao. Akasema lifumuliwe, lakini pengo halikai wazi, hando lenye pengo huchanika lote, na wote waliomo huchanika nalo. Hiyo ndiyo sababu sikulichoma moto, usije ukaniuliza. Linalolipata rinda linampata mtoto.

Nikasema niweke mimi.

Kwa mara ya kwanza nilimwona akistaajabu. Akaniambia katika miaka yake yote hajapata somo aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe, wote huletwa wakiwa wamefungwa nguo. Kisha akanikumbusha kuwa mimi ni Mumbua, na hando halina rinda la Mumbua. Basi nikatoka nje mpaka mlango wa kwanza, pale alipoketi yule mzee asiye na jina, nikaanza upya kuingia. Kila mlango niliulizwa, na kila mlango nilijibu Kavumbi. Ile leso ya marehemu mama, uliyoniachia baada ya mazishi, ambayo wewe na mimi sote tulifungwa, nimeikata upindo. Nisamehe kwa hilo pia. Nimelishona rinda lake pale pale, mbele, kushoto, na ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Sasa, dada, kuna jambo ambalo ningeweza kulificha na usingelijua kamwe. Huko juu nimekudanganya. Nimeandika kuwa niliona kazi ya hando mwezi wa nane, baada ya mtoto kupewa jina. Si kweli. Ilikuwa mwezi wa tano. Ile sauti iliyoitika, ile mvua, binti wa Mapenzi kwenye mihogo yake, vyote nilikuwa nimekwisha kuviona barua yako ilipofika ikiniomba jina. Nilijua jina lile linafanya nini, nikalichagua. Ningechana karatasi nikaanza tena, lakini nimeona heri uongo na kweli vibaki pamoja, uone jinsi mkono wangu ulivyo mwepesi.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miezi minne. Sikutishwa na mtu wala sikuahidiwa kitu. Nilikuwa fundi wa sare za shule, watu wananiuliza bei kisha wanakwenda kwa mwingine, halafu nikaona maji yamesimama hewani kwa neno la mwanamke mmoja, na nikatamani kitu cha kwetu kiwemo ndani ya ukubwa ule. Nikajiambia mia na arobaini na mbili ni wengi, zamu ya wetu haitafika. Kila mama aliyetoa mtoto wake alijiambia hivyohivyo, nadhani. Majuto ni mjukuu, na mimi nisiye na mtoto nimempata mjukuu kabla ya wakati.

Mtoto yuko salama. Kile kipande cha kanga nimekifumua na kukitia humu kwenye bahasha. Sasa ni kitambaa tu, kifue umfutie uso. Mpeni jina jingine leo hii, wewe na Phineas mkae mchague wenyewe, wala msiniulize, haki hiyo nimeipoteza. Mnaweza kumwita kwa sauti mpaka majirani wachoke.

Barua hii nampa Njoroge, dereva wa maziwa, atakufikishia kesho. Keshokutwa ni Ijumaa. Nimekwisha kumrudishia kila mteja nguo yake, cherehani nimeifunika, na jirani yangu Idah nimempa ufunguo na anwani yako. Leo mchana nimekaa nikitaja majina yenu mmoja mmoja, na sura zenu zote zimekuja bila kuchelewa, hata lile pengo la jino lako la mbele. Siogopi kama nilivyodhani. Mvua itanyesha kwenu pia, dada. Toka nje uione, kwa maana ni kitu cha ajabu mno, na usiione ni mbaya kwa sababu yangu.

Nisalimie shemeji, nisalimie wasichana, nibusie mtoto utosini. Mungu awatunze nyote. Na ikiwa siku moja utamwona mwanamke amesimama mlangoni pako na kipande cha karatasi chenye anwani, hajui amefikaje wala wewe ni nani, usimwulize mengi. Mkaribishe tu kama mgeni, mpe maji, na umwambie utakavyopenda awaite.

Ni mimi ndugu yako,

Kavumbi